Mwenza Wangu Chini ya Maji

Nilianza kujifunza kuogelea nikiwa nimeshavuka miaka arobaini, kwenye bwawa la hoteli moja karibu na Kwa Mathias, hapa Kibaha, kwa sababu Jumamosi zangu zilikuwa zimebaki tupu.

Kabla ya hapo Jumamosi ilikuwa siku ya mama. Aliletwa kwangu Mbwawa kutoka Singida kwa ajili ya matibabu. Tulisema atakaa mwezi mmoja au miwili, akakaa miaka sita. Siku za kazi nilikuwa natoka jua halijachomoza kwenda ofisini Ubungo, na mama alishinda na dada wa kazi. Lakini Jumamosi alikuwa wangu. Nilimwogesha, nikamsuka, nikamtoa kibarazani kwenye kiti chake, nikafua mashuka yake huku ananielekeza jinsi ya kufua kana kwamba sijawahi kushika sabuni. Alikuwa anaongea bila kituo. Aliwasema watu wa kwetu ambao mimi siwajui, waliokufa kabla sijazaliwa, kama vile walikuwa wamepita getini asubuhi ile.

Alipofariki tulimsafirisha tukamzika nyumbani Singida. Ndugu zangu wakarudi Mwanza na Tabora, dada wa kazi akaenda kwao, na mimi nikarudi Mbwawa peke yangu. Mtaa wetu ni wa viwanja vipya. Kila mtu amehamia kutoka mahali pengine, na wengi wamejenga ukuta kabla ya kumaliza nyumba. Majirani walikuja kunipa pole, wakakaa, wakanywa chai. Wiki iliyofuata tukarudi kupungiana mikono getini kama zamani. Sikuwalaumu, maana na mimi miaka yote nilikuwa naishia hapo hapo getini.

Jumamosi ya kwanza niliamka, nikabandika maji ya kumwogeshea. Sufuria ilipoanza kutoa mvuke ndipo nikakumbuka. Nilizima jiko, nikakaa jikoni mpaka yakapoa.

Tangazo nililiona kwenye duka la dawa pale Kwa Mathias, duka la mume na mke ambao kwa miaka sita walikuwa wananiuzia dawa za mama. Siku ile niliingia bila sababu ya maana, tuseme dawa ya kichwa. Kwenye kioo cha kaunta palikuwa pamebandikwa karatasi: mafunzo ya kuogelea na kuzamia kwa watu wazima, hata asiyejua kabisa, na mwishoni safari ya pamoja kwenda Mafia.

"Dada, na wewe unaisoma?" mke aliniuliza. "Mwenzangu ameshatuandikisha wote wawili. Mimi hata beseni naliogopa."

"Kuzamia ndiyo kufanya nini hasa?"

"Unavaa mtungi wa hewa mgongoni, unakwenda chini kule kwa samaki. Sasa fikiria mimi, na unene huu, nikiwa na mtungi mgongoni!"

Nilicheka. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kucheka tangu msiba. Na yeye akacheka, kisha akachukua kalamu, tayari kuandika dawa zile za kila mwezi, akauliza, "Na mama anaendeleaje?"

Nikamwambia mama amepumzika.

Alitoka nyuma ya kaunta, akanishika mikono yote miwili mbele ya wateja. Hakusema maneno ya msibani. Alisema, "Njoo Jumamosi. Hata kama hutaingia majini, njoo ukae ukingoni utucheke."

Nikaenda. Fedha niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya hospitali haikuwa na kazi tena, na mimi pia sikuwa na kazi siku hiyo.

Tulikuwa wanafunzi watano. Wale wenye duka la dawa, mwanajeshi mstaafu aliyefiwa na mkewe, tuliyemwita Afande, mwenye sharubu nyeupe na tabia ya kuogelea kwa kuyapiga maji kana kwamba yamemkosea, mimi, na mwanamke mmoja wa umri wangu, mwembamba, aliyevaa vazi la kuogelea la stara lililomfunika mpaka kichwani. Huyo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Marui, ndani kabisa ya Kisarawe. Kila Ijumaa jioni alikuwa anatoka huko, analala kwa shangazi yake Mlandizi, na asubuhi anafika bwawani kabla yetu sote. Tulimwita Mwalimu. Aliyekuwa anatufundisha, mzaliwa wa Mafia, mwanamume wa miaka thelathini na kitu mwenye subira ya ajabu, tukamwita Kocha ili majina yasigongane.

Wiki za mwanzo hatukugusa mtungi. Tulijifunza kulaza uso ndani ya maji na kutoa mapovu puani. Tulijifunza kuelea chali. Mimi nilikuwa mbaya kuliko wote katika kuelea. Kocha alikuwa ananishikilia mgongoni kwa vidole viwili tu, na kila alipoviondoa nilikunja kiuno nikaenda chini kama jembe.

"Dada, hayo maji hayana ugomvi na wewe," aliniambia. "Unajishikilia. Unamshikilia nani?"

Nilitoka nikaenda kukaa ukingoni. Mwalimu akaja akakaa pembeni yangu, maji yakimtiririka kwenye kilemba cha lile vazi.

"Mimi natazama juu nahesabu matofali ya ile ghorofa," alisema. "Ukishughulika na matofali, mwili unasahau."

"Wewe ulijifunza wapi?"

"Hapa hapa. Nimetangulia wiki mbili tu." Akakamua mikono ya vazi lake. "Huko Marui kila mtu ananijua. Wanajua niliolewa mara mbili nikarudi nyumbani mara mbili. Nikipita kisimani wananyamaza, nikishapita wanaanza. Nikataka mahali pamoja ambapo naanza sina habari."

Alisema hivyo bila kujihurumia, kama anayetaja mahali alipozaliwa. Nikajikuta namweleza habari za mama, na ile sufuria ya maji. Nilikuwa sijamweleza mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Twende tukaelee."

Nikahesabu matofali. Sikumbuki nilifika la ngapi, lakini nilielea.

Tulipoanza kutumia mitungi, Kocha alitupanga wawili wawili. Kila mzamiaji lazima awe na mwenza, alisema, na mwenza humpotezi, hata ukiona samaki wa dhahabu. Mke na mume waliwekwa pamoja, wakagombana chini ya maji kwa ishara za mikono mpaka Kocha akawatoa. Afande alipewa Kocha. Mimi na Mwalimu tukabaki wawili, na hakuna aliyehitaji kutupanga.

Tulikaguana vifaa kabla ya kuingia: mkanda wenye vipande vya risasi vya kutuzamisha, jaketi la hewa, kipumulio cha mdomoni, na kile cha akiba ambacho kila mmoja anakibeba kwa ajili ya mwenzake. Tulijifunza kuvua miwani chini ya maji, kuivaa tena na kuyatoa maji kwa kupuliza kwa pua. Tulijifunza kukaa bila miwani kabisa, macho yamefumbwa, tukivuta hewa kwa mdomo, mpaka Kocha atuguse bega. Zoezi hilo kila mtu alilichukia. Mimi nililipenda. Chini ya maji wote wako kimya, kwa hiyo ukimya wangu haukuonekana. Nilichosikia ni pumzi yangu tu, na pembeni pumzi ya Mwalimu, nyepesi, yenye mkwaruzo kidogo mwishoni. Baada ya wiki chache ningeweza kuitambua kati ya pumzi za watu wote.

Baada ya mazoezi tulikula chipsi mayai kwenye kibanda kando ya barabara, nywele zikinuka dawa ya bwawa. Afande alitusimulia habari za jeshini, nyingi zikiwa za chakula. Mke wa duka la dawa alitukumbatia sote wakati wa kuagana, hata Afande, aliyesimama wima kama nguzo akisubiri ipite. Kisha kila mtu akashika njia yake. Kutoka pale mpaka nyumbani kwangu ni safari fupi ya pikipiki, na kila Jumamosi nilitamani iwe ndefu.

Ijumaa moja shangazi yake Mwalimu alikuwa amesafiri, nikamwambia aje alale kwangu. Alifika saa moja jioni na mfuko wa machungwa ya kwao na kuku aliyefungwa miguu. Alizunguka nyumba nzima akiisifia, akafungua madirisha yote, akafagia chumba cha mama ambacho sikuwa nimekigusa, akatandika kitanda, akasema, "Nalala humu. Au kuna ubaya?" Nikasema hakuna. Wakati napika nilimsikia akiimba kwa sauti ya chini huku anakunja nguo zake. Nilisimama na mwiko mkononi, sikutaka kukoroga nisije nikaikatiza sauti ile.

Safari ya Mafia tulikwenda mwishoni mwa mwaka, shule zikiwa zimefungwa. Tulikodi gari mpaka Nyamisati, tukavuka kwa boti, tukafikia nyumba ya wageni huko Utende, karibu na ghuba ambako Kocha alizaliwa. Mimi na Mwalimu tulipewa chumba kimoja chenye vitanda viwili. Mambo yote mimi niliyaona mapya: maji yaliyokuwa ya kijani karibu na ya buluu mbali, harufu ya mwani, na jinsi Kocha alivyogeuka mtu mwingine alipofika kwao, akiitwa na kila mtu, hapiti nyumba bila salamu ndefu.

Siku ya kwanza tuliingia kwa kujirusha kinyumenyume kutoka kwenye ukingo wa boti. Maji yalinifunika, nikashuka nikiwa nimebana pua na kupuliza ili masikio yafunguke, kama tulivyofundishwa. Kisha nikatazama.

Sijui niseme nini kuhusu matumbawe. Bwawani nilikuwa nimezoea vigae vyeupe. Hapa kulikuwa na mji mzima, wenye vichochoro na vibaraza, wa zambarau na manjano, na wenyeji wake hawakutushangaa. Chewa mkubwa alikuwa amekaa kwenye mlango wake kama mwenye nyumba anayesubiri kodi. Mwalimu alinishika mkono na kunionyesha pweza aliyejifanya jiwe. Tulimtazama, naye akatutazama, mpaka yeye ndiye akachoka. Tulipotoka tuliongea wote kwa wakati mmoja, hatukusikilizana, tukacheka. Mke wa duka la dawa, aliyekuwa anaogopa beseni, alikuwa analia kwa furaha na mumewe anampangusa. Jioni ile, tukila wali na samaki wa nazi, niliwatazama watu wale wanne na Kocha na nikafikiri kwamba nimepata watu. Nilifikiri hivyo kwa maneno hayo hayo.

Siku ya pili tulikwenda mahali penye kina zaidi, karibu mita kumi na mbili. Palikuwa na mkondo kidogo. Tulikuwa tunapita kando ya ukuta wa matumbawe, Kocha na Afande mbele, mimi na Mwalimu tukifuata. Afande, kwa uogeleaji wake ule wa vita, alirusha teke, na pezi la mpira alilovaa mguuni likampiga Mwalimu usoni.

Miwani yake ilijaa maji. Hilo tulikuwa tumelifanyia mazoezi mara nyingi, naye alikuwa hodari kuliko mimi. Lakini maji ya bahari si ya bwawa. Nadhani yalimwingia puani. Nilimwona akitikisa kichwa, kisha akatema kipumulio, kisha akaanza kupiga miguu kwenda juu.

Kocha alikuwa ametuambia mara nyingi kwamba mtu akipanda ghafla kutoka kwenye kina huku ameshika pumzi, mapafu yanaweza kupasuka. Nilimshika ukanda wa jaketi. Nilichukua kipumulio changu cha akiba, nikakisukuma mdomoni mwake. Alikikataa. Alinipiga kifuani. Aliniwekea goti begani na kunisukuma chini, kisha mikono yake ikaja usoni kwangu, akashika miwani yangu na kuivuta, ikatoka.

Giza la chumvi. Nilifumba macho. Nikafanya lile zoezi nililolipenda: vuta kwa mdomo, toa, vuta, toa. Sikuuachia ukanda. Kwa mkono wa pili niliutafuta mdomo wake kwa kupapasa, kidevu, midomo, nikakirudisha kipumulio na kubonyeza kitufe kinachotoa hewa kwa nguvu. Safari hii aliking'ata. Nikasikia pumzi yake, ile yenye mkwaruzo, lakini ya haraka haraka kama ya mtoto mwenye homa. Ndipo mkono wa Kocha ukanigusa bega. Tulipanda polepole watu watatu tukiwa tumeshikana, mimi sioni kitu.

Juu ya boti Mwalimu alitapika maji, akatetemeka, akafunikwa khanga. Hakuumia. Kocha alimsikiliza kifua, akamuuliza maswali, akaridhika, kisha akakaa chini yeye mwenyewe na kufunika uso kwa mikono. Afande aliomba radhi mpaka ikawa anabembelezwa yeye. Na baada ya hapo wote wakanigeukia mimi.

"Dada wa Mbwawa!" alipaza sauti mume wa duka la dawa. "Umemwokoa mtu!"

Afande alinipigia saluti, saluti ya kweli. Mke wa duka la dawa alinibusu. Nilifurahi. Siwezi kusema sikufurahi. Ilikuwa muda mrefu hakuna aliyenitazama kwa namna ile. Habari ilitangulia kufika nyumba ya wageni; mpishi alikuja kunipa mkono. Wakati wa chakula mume yule aliisimulia kwa wageni wengine, na kila aliposimulia kina kiliongezeka na Mwalimu alizidi kuwa mnyonge. "Alikuwa amekwisha kabisa," alisema, "macho yamegeuka!" Nilicheka pamoja nao. Mwalimu aliacha sahani yake nusu, akasema ana kichwa, akaingia ndani.

Nilimfuata baadaye. Alikuwa amelala ameelekea ukutani.

"Mwalimu, umelala?"

Pumzi yake niliifahamu, hakuwa amelala.

Kesho yake, siku ya mwisho, alisema tumbo linamsumbua, akabaki nchi kavu. Nilizamia na Afande. Tulimkuta kasa amelala chini ya jabali, mkubwa kama meza, na jicho moja nusu wazi. Niligeuka kwa haraka kumwonyesha Mwalimu, nikakutana na sharubu za Afande nyuma ya kioo. Aliniuliza kwa ishara kama kila kitu ni salama. Nikamjibu kwa ishara kwamba ni salama.

Tulirudi. Kutoka Nyamisati, Mwalimu alikaa kiti cha mbele cha gari karibu na dereva. Alishuka njiani ili aunganishe kwenda Kisarawe kwa upande mwingine, akatuaga wote kwa pamoja kama anavyoaga darasa. Mimi alinipa mkono. "Asante kwa kila kitu," aliniambia, kwa Kiswahili kile kinachotumika ofisini.

Tulikuwa na kundi la WhatsApp. Wiki ya kwanza zilijaa picha. Wiki za mbele zikawa picha za maua zenye maneno ya Ijumaa njema na Jumapili njema. Kocha alipata kazi Unguja. Afande alihamia Dodoma kwa binti yake, akatuandikia ujumbe mrefu wa kuaga wote kwa herufi kubwa. Wenye duka walifungua tawi la pili na hawakuwa na Jumamosi tena, ingawa kila nilipopita mke aliniita kwa sauti, "Mzamiaji wangu!" na wateja wakageuka kunitazama. Mwalimu hakuandika kitu kwenye kundi. Nilimwandikia mwenyewe, salamu, kisha habari za shule, kisha picha ya pweza wetu. Alizisoma. Alama zile mbili za buluu zilitokea kila mara, na hakuna kilichofuata.

Nilirudi kwenye Jumamosi zangu. Ila sasa zilikuwa mbaya zaidi, kwa sababu zamani sikujua ninachokikosa isipokuwa mama, na mama nilijua harudi.

Nilifikiri ameona aibu kwa kuokolewa. Nilifikiri ni kwa sababu nilicheka mezani. Nilikaa na mawazo hayo mvua za masika zikaanza na kuisha. Halafu siku moja nikaenda Mlandizi kwa shangazi yake, nikaelekezwa, nikapanda gari mpaka Maneromango, na kumalizia kwa pikipiki mpaka Marui, kwenye njia ya mchanga katikati ya mikorosho na mashamba ya muhogo.

Nyumba yao ilikuwa na uwanja mpana uliofagiliwa. Mama yake alikuwa amekaa mkekani anamenya muhogo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibu, kaa. Watoka wapi?"

"Natoka Kibaha, mama. Namtafuta Mwalimu."

Alinitazama kwa makini, kisu kimesimama hewani. "Basi ndo wewe wa majini?"

Nilishtuka, kisha nikaelewa alikusudia maji. Naye akaelewa nilichokisikia, akacheka mpaka akapangusa macho kwa ncha ya khanga. "Si majini ya kupungwa! Wa baharini. Kanihadithia yote huyu. Chukua kisu, mwenzio yuko shule, atakuja."

Nikamenya muhogo na mama wa mtu. Aliniuliza kuhusu wazazi wangu, nikamwambia. Alisema "Pole mwanangu," akaendelea kuongea, habari za majirani, za mbuzi aliyekula mche wa jirani, za mtu fulani aliyekufa zamani na ambaye alikuwa mchoyo. Niliinamisha kichwa nikamenya kwa bidii, machozi yasije yakaonekana.

Mwalimu alitokea na mkoba wake na madaftari. Aliponiona alisimama. Mama yake alichukua ungo wa muhogo, akaingia jikoni.

"Umekuja kufanya nini?" Mwalimu aliniuliza.

"Kukusalimia."

"Kutoka Kibaha?"

"Hujibu ujumbe wangu."

Alivua viatu, akakaa kwenye mkeka, mbali kidogo na mimi. Akachukua ganda la muhogo akawa analikata vipande vidogo vidogo kwa kucha.

"Unakumbuka nilivyokuvua miwani?" aliuliza mwishowe.

"Nakumbuka."

"Watu wote walisema Mwalimu alishtuka. Mwalimu alipoteza fahamu. Sikupoteza fahamu. Nilikuona vizuri kabisa, nilijua ni wewe, na nilikukanyaga bega ili mimi nipande. Sikujali kama utabaki kule. Unaelewa? Kama ningeweza kukutumia kama ngazi ningekutumia." Akavitupa vile vipande vya ganda. "Halafu jioni unakaa pale unacheka nao, na mimi najiuliza, huyu anajua au hajui?"

"Nilijua," nikasema.

"Ulijua na ukacheka?"

"Nilijua pale pale. Kocha alishatuambia, anayezama hukamata chochote."

"Alituambia, ndiyo. Lakini alikuwa anasema mtu, mtu yeyote. Huyu alikuwa mimi. Nilikuwa nimekwenda mahali ambapo sina habari, nikajitengenezea habari mbaya kuliko zote za huku."

Sikuwa nimelifikiria hivyo. Nilikuwa nimekuja na maneno yangu niliyoyaandaa kwenye pikipiki, ya kusamehe na kusahau, nikaona hayafai. Nikamwambia la kweli, kwamba goti lake halikuniuma wala miwani haikuniuma. Kilichoniuma ni miezi ile. Nikamwambia kwamba chumba alichokifagia nilikifunga, na madirisha yake sijayafungua tangu siku aliyoondoka.

"Ungeniambia," alisema.

"Si ndiyo nakwambia."

Alicheka kidogo, pumzi tu. Hatukukumbatiana. Mama yake aliita chakula, tukala muhogo wa nazi na samaki mkavu, na mazungumzo mengi yakawa ya mama yake. Jioni ilipokaribia Mwalimu alinisindikiza mpaka njia panda. Niliuliza kama atarudi bwawani. Alisema hapana, hatazamia tena, nisimbembeleze. Sikumbembeleza.

Hiyo ni miaka miwili iliyopita. Mimi nimeendelea. Kila mwaka ninajiunga na kundi la watu nisiowajua na kwenda nao, Mafia au Pemba, ninapewa mwenza mgeni, tunakaguana vifaa, na baada ya siku nne tunaagana vizuri. Sasa naelea bila kuhesabu chochote. Kocha wa huko Pemba aliniambia nina utulivu wa watu waliozaliwa baharini, nikamwambia nimezaliwa Singida, hakuamini.

Mwalimu amehamishiwa shule nyingine, mbali zaidi, upande ambao mtandao unashika mtu akisimama mahali fulani nyuma ya darasa la saba. Hunipigia Jumapili, si zote. Huniuliza nimepika nini. Namwuliza mama yake hajambo. Huniuliza kama nimekwenda baharini, na nikisema ndiyo hubadilisha mazungumzo, au siku nyingine husema, "Haya, niambie," na mimi namwambia. Katikati ya sentensi simu hukatika. Huwa naiacha mezani kidogo kabla sijaenda jikoni, kama atapiga tena. Mara nyingine hupiga.